Mota ya Wifi

Niseme mapema ili tusizungushane: nilimwonea wivu wifi yangu. Si wivu wa nguo wala wa mume, maana mume wake ni kaka yangu, na huyo nilimchoka tangu utotoni. Nilimwonea wivu juu ya baba.

Mimi ni fundi wa injini ndogo. Jenereta, pampu ya maji, msumeno wa kukatia miti, mashine ya majani, niletee. Mtaani wananiita Kabureta. Walianza kwa kunitania, siku hizi hata mwenye nyumba wangu akinipigia simu anasema, "Kabureta, upo?" kwa adabu kabisa. Ufundi nimefundishwa na baba. Tuko wawili tu kwake, mimi na kaka. Kaka ni mwalimu wa hesabu, mtu mwema, lakini ukimpa bisibisi atakuuliza inaliwa na nini. Kwa hiyo baba wa mezani tulikuwa tunagawana, lakini baba wa spana alikuwa wangu peke yangu. Miaka thelathini sikuwa na mpinzani.

Baba ana trekta dogo la bustani. Lina kiti kimoja, na visu vya kukatia majani vimening'inia chini ya tumbo lake. Tangu astaafu analitumia kukata majani ya uwanja wa shule ya msingi, ule ulio nyuma ya nyumba. Hakuna aliyemtuma, ni mapenzi yake tu. Ukitaka kumjua baba mwangalie akiwa juu ya lile trekta. Ananyoosha mgongo, anakata mistari iliyonyooka, na kengele ya mapumziko ikilia anasimama katikati ya uwanja ili watoto waone kazi. Injini ya lile trekta nimeifungua mara kumi na moja kwa mikono yangu hii. Ilikuwa ikikohoa nikiwa ndani najipikia, najua ni plagi au ni mafuta machafu.

Kisha akaanza kukohoa baba mwenyewe.

Daktari hakuuma maneno. Alisema kifua kimechoka, na kitu cha kwanza kuachana nacho ni moshi. Baba akaitikia vizuri kama mtoto wa shule, halafu wiki ileile akapanda trekta. Nilimkuta katikati ya uwanja amepiga magoti, mkono mmoja umeshika gurudumu, anatafuta pumzi haipati. Siku hiyo niliogopa. Nikasema sawa, hili ni la kwangu, nitalimaliza. Nikachomelea bomba refu la moshi, likapanda juu kupita kichwa chake. Lilimfanya aonekane anaendesha jiko. Upepo ulipogeuka, moshi wote ukarudi puani. Akashuka baada ya mistari mitatu, akanipiga piga begani, akasema, "Umejitahidi." Mnajua neno hilo linavyouma?

Jumapili iliyofuata tulikuwa wote kwa baba. Wifi anaosha vyombo, mimi nafuta. Yeye anafanya kazi kwenye ghala kubwa, anatengeneza foklifti, zile gari fupi za kunyanyulia mizigo zinazotumia betri. Ni mpole, mnene kiasi, anaongea taratibu mpaka unatamani kumsukuma. Miaka sita ameolewa kwetu sikuwahi kuwa na neno naye. Nilimpenda hata, kwa sababu hakuwa anagusa changu. Basi siku hiyo, mikono iko kwenye povu, akageuka akasema:

"Baba, kwani lazima liwe na injini?"

Baba akauliza, "Sasa litatembea na nini, mwanangu, maombi?"

"Mota. Kazini kuna foklifti imekufa nguzo ya kunyanyulia, wanaitupa. Mota yake ya pampu ni nzima. Tunatoa injini, tunaweka mota, betri zinakaa mbele. Moshi hakuna."

Nilimwangalia baba. Macho yake yalifunguka namna ambayo sikuwa nimeyaona tangu mama afariki. Akavuta kiti karibu na karo, akakaa, akaanza kumuuliza. Itakuwa na nguvu? Itamaliza uwanja mzima? Itapanda ule mteremko wa magoli ya juu? Na yeye anajibu, sabuni inadondoka sakafuni, na mimi nimesimama na kitambaa mkononi nafuta sahani ileile kwa mara ya nne.

Ndipo baba akanikumbuka. Akageuka kwa furaha kabisa, hana hata wazo, akasema, "Na wewe utatutolea injini."

Kutoa! Mimi, niliyeifufua mara kumi na moja, niitwe kuja kuizika. Nikasema, "Hakuna shida, baba." Nikaweka sahani kabatini kwa nguvu ikapasuka.

Niliitoa. Nilitumia nusu saa, kazi ya nusu siku, kwa hasira tu. Nikaibeba mwenyewe mpaka pembeni ya banda, nikaifunika gunia. Baba alipita akasema, "Pamekuwa peupe, eh?" akiangalia shimo ambamo injini ilikuwa inakaa. Nikajibu ndiyo. Moyoni nilikuwa namwita majina ambayo mtoto hamwiti mzazi.

Basi kazi ikaanza, kila Jumamosi. Mota ililetwa kwa mkokoteni, nzito kama gunia la mahindi, nyeusi ya grisi. Betri nne zilitoka kwenye mnara wa simu uliovunjwa. Waya nene tulizitoa kwenye mashine ya kuchomelea iliyoungua. Kisanduku cha kuongozea moto, kile kinachopunguza na kuongeza kasi unapokanyaga, kilitoka kwenye foklifti ileile pamoja na pedeli yake. Sehemu ya kukalia betri niliichomelea mimi kwa vyuma vya kitanda cha zamani, na sitaki kujisifu, lakini hata ukiidondosha kutoka ghorofani haifunguki. Baba aliiangalia akasema, "Vizuri." Halafu akaenda kumshikia wifi ncha ya futi.

Wifi anapima. Mungu wangu, yule mwanamke anapima! Anapima, anaandika kwenye karatasi aliyoibandika ukutani, anapima tena. Mimi kitu nakiangalia kwa jicho, nakata. Yeye anasema, "Ngoja kidogo." Na baba, ambaye maisha yake yote alikuwa ananiambia fanya haraka kabla jua halijawa kali, sasa amevaa miwani, ameinama juu ya karatasi, anasema naye, "Ehe, tungoje kidogo." Alimletea kigoda akae. Alimletea chai, akaikoroga sukari mwenyewe. Nilipoomba na mimi, akasema ipo kwenye chupa jikoni.

Walikuwa wanacheka. Hilo ndilo lililoniua. Sikujua baba bado ana kile kicheko, kile kinachomtoa machozi. Sisi tukifanya kazi hatuchekagi, tunagombana. Anasema kaza, nasema nimekaza, anasema mbona inavuja, nasema shika mwenyewe basi. Nilidhani huko ndiko kupendana kwa mafundi. Kumbe mtu anaweza kufanya kazi na baba huku wanacheka, na mimi sikuwahi kuambiwa.

Nilianza kuwa na roho mbaya, nakiri. Nilificha spana namba kumi na saba ndani ya buti langu, wakaitafuta saa nzima, nami natafuta nao. Siku nyingine nikaliona bamba la kushikia mota limepinda. Wao hawajaliona. Nikasema kwa sauti ya ushindi, "Hilo bamba limepinda milimita mbili. Mkanda utakuwa unatoka kila dakika." Nilitegemea anune. Nilitegemea abishe, nipate ugomvi wangu. Wifi akachukua rula, akapima, akasema, "Kweli kabisa. Wifi una jicho! Asante, ungetuponza kama ungenyamaza." Baba naye akasema, "Nilikuambia ana jicho." Hata kunikosea hataki, nimchukie kwa raha.

Nyumbani nilikuwa naongea peke yangu. Nakaanga kitunguu, nasema, "Wifi una jicho, wifi una jicho," najibana pua kumuigiza, mpaka kitunguu kinaungua.

Ikafika Jumamosi ya kuwasha. Kila kitu kilikuwa mahali pake: mota imekaa kwenye bamba, betri zimefungwa, pedeli imeunganishwa. Kaka alikuwa amekuja asubuhi, akaangalia, akasema, "Hongereni," akaenda zake kusahihisha mitihani. Tukavalisha mkanda ule unaotoka kwenye mota kwenda kwenye gia. Ulikuwa mrefu, unaning'inia. Wifi akauvua, akasema anakwenda dukani kuubadilisha, hatakawia. Baba alikuwa ameingia chumbani kujinyoosha kidogo, maana mchana kifua kinamchosha.

Wifi alifuta mikono, akavaa viatu, akafika mlangoni mwa banda akarudi.

"Wifi, tafadhali. Mkanda ukiwa umetoka hivi, usiiwashe."

"Nimesikia."

"Mota ya aina hii haina breki ndani yake. Inategemea mzigo wa kuvuta ndiyo itulie. Ikizunguka bure inaongeza kasi, inaongeza, mpaka inapasuka. Si kama injini."

"Wifi, nimesikia. Mimi si mtoto."

"Najua. Samahani," akasema, akaondoka.

Nilibaki nimesimama mbele ya lile trekta. Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu watu wakinihurumia wanasema labda sikuelewa. Nilielewa kila neno. Lakini mtu akiwa na donge kooni, maneno yanaingia na kupitiwa upya huko ndani, yanatoka mengine. Mimi nilisikia: usiguse. Nilisikia: ningoje mimi nirudi, niiwashe mimi, baba awe hapo, anitazame mimi. Nikasema thubutu! Kwenye banda la baba yangu?

Halafu kuna mazoea. Mimi injini yoyote nikishaifunga, kabla sijaipa kazi, naiwasha ikiwa huru, nakanyaga mpaka mwisho, nasikiliza. Injini ina mwisho wake. Inapanda, inapanda, inafika dari, inakaa pale inalalamika, na hapo ndipo unaijua ilivyo. Sijawahi kukutana na kitu chenye kuzunguka kisicho na dari. Nikajiambia nitakanyaga sekunde chache tu. Nitasikia kasoro, lazima kasoro ipo, na baba atatoka atanikuta nimekaa kwenye kiti, namwambia, njoo usikie, mkweo kaacha kitu kimelegea.

Nikapanda. Nikageuza swichi. Nikakanyaga.

Ilikuwa tamu. Nasema ukweli, ilikuwa tamu mpaka nikaichukia. Hakuna kutetemeka, hakuna kugonga, ni mluzi tu unaopanda. Nikakanyaga mpaka chini, nikainamisha kichwa kusikiliza, nikingoja ifike dari. Mluzi ukapanda. Ukapanda tena. Ukawa mwembamba, ukaanza kuuma meno. Nikasema itatulia sasa. Nikasema sasa. Mguu wangu ulikuwa umekufa ganzi juu ya pedeli, na sijui hadi leo kama ni mshangao au ni ukaidi.

Ilipasuka kwa kishindo kimoja. Vipande vya shaba vikaruka vikagonga mabati, kimoja kikapita karibu na sikio langu na kuchana karatasi ya wifi ukutani. Kisha moshi. Moshi mweusi, mchungu, wa varnishi ya nyaya za mota inayoungua, kwenye banda la mtu aliyekatazwa moshi.

Baba alitoka mbio na soksi, hana viatu. "Umeumia? Umeumia wapi?" Anakohoa, anataka kuingia. Nikamsukuma nje kwa mikono miwili, nikang'oa waya, nikamwaga mchanga juu ya mota. Tukasimama uani. Yeye ameegemea ukuta anavuta pumzi kwa shida, mimi naangalia mikono yangu kama imepachikwa na mtu mwingine. Hakuniuliza kilichotokea. Alikuwa hana pumzi ya kuuliza.

Hapo ndipo wifi akaingia getini, mkanda mpya begani, anatabasamu. Akaona moshi. Tabasamu likafa. Akapita katikati yetu hadi bandani, akachungulia. Ile mota hakukuwa na nyingine. Foklifti yenyewe ilishapelekwa kuyeyushwa.

Alipotoka aliniangalia. Nikajua amejua. Nikakaza uso, nikangoja aseme, na majibu yangu nilikuwa nayo tayari, machafu yote.

Akamgeukia baba. "Ni kosa langu, baba. Nilipaswa kung'oa waya wa betri kabla sijaondoka. Ndiyo sheria ya kwanza kazini kwetu, na nimeisahau. Nisamehe."

Baba akajitoa ukutani. Akamwendea pale aliposimama, akamshika mikono yote miwili, ile mikono minene yenye grisi kwenye kucha, akasema kwa sauti ya chini, "Usijali, mwanangu. Usijali kabisa. Chuma ni chuma tu. Umenifanya nifurahi miezi miwili, hilo hata ikipasuka halitoki." Wifi akaanza kulia. Baba akamfuta machozi kwa upande wa kiganja chake, taratibu, jicho moja kisha jingine.

Mtu mwenye akili angeshusha pumzi. Nimeokoka, si ndiyo? Hakuna atakayejua. Mimi damu ilinipanda mpaka macho yakaona giza. Baba hajawahi kunifuta machozi hivyo. Hajawahi kuniambia nimemfurahisha hata dakika mbili. Na msamaha ule, kosa lake ni langu! Nimelifanya mimi, kwa mguu wangu, halafu malipo yake anapewa yeye? Hata hilo anichukulie?

"Ni mimi!" nikapiga kelele. "Baba, ni mimi niliyewasha! Aliniambia nisiwashe, nikasikia, nikawasha. Yeye hana kosa lolote. Anakudanganya!"

Jirani akachungulia juu ya ukuta, akarudi chini.

Baba hakuachia mikono ya wifi. "Najua," akasema. "Nilikuwa macho. Nimemsikia akikuambia mara mbili."

"Sasa kama unajua, mbona umemsamehe yeye?"

Akakohoa kwanza, muda mrefu, mpaka ikaisha. Kisha akanitazama, na macho yake hayakuwa na hasira. Ningependa yangekuwa na hasira.

"Kwa sababu yeye ameomba," akasema. "Hana kosa, na ameomba. Wewe kosa unalo, na mpaka sasa hujaomba. Unagombania."

Harufu ya kuungua ilikuwa imejaa puani. Nilifungua mdomo kumwelekea baba, naye akatikisa kichwa. "Si mimi," akasema, akaniachia nafasi nimwone wifi.

Alikuwa amesimama na mkanda wake mpya begani, usio na mota ya kuvuta, uso umelowa, ananitazama kwa woga. Ananiogopa! Miaka sita yuko kwetu, sikujua kama ananiogopa. Nikasema, "Nisamehe, wifi." Sauti ilitoka mbovu, ikakwama, nikairudia. Alinikumbatia, mjinga yule, akanikumbatia kwa nguvu zake zote na grisi yake yote, na mimi nikalia kweli, nikalia mpaka mabega yakatikisika. Nilijuta. Naapa nilijuta.

Lakini hata nilipokuwa nalia, kidevu kiko begani kwake, jicho langu moja lilikuwa wazi, linamtafuta baba, lione kama anatuangalia. Hakuwa anatuangalia. Alikuwa ameingia bandani, shati amelibana puani, anaokota vipande vya shaba kimoja kimoja na kuviweka kwenye ndoo.